Barghash: Jina Lenye Nukta Tano

Pesa za shaba zilizotolewa Unguja mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, bado zipo. Ziko kwenye makumbusho, ziko kwa wauza vitu vya kale, na wako wazee waliozihifadhi ndani ya makopo pamoja na vifungo na funguo za milango ambayo haipo tena. Upande mmoja pana mizani na mwaka. Upande wa pili pana maandishi ya Kiarabu yaliyobanana, na ndani yake limo jina la mtawala aliyezitoa, Seyyid Barghash bin Said. Ukiisogeza pesa karibu na jicho utaona jina lenyewe ni herufi nne tu: be, re, ghaini, shini. Be ina nukta moja chini, ghaini ina moja juu, shini ina tatu. Nukta tano ndogo sana, na kwenye pesa iliyopita mikono mingi hazionekani tena kwa urahisi.

Nimeanza na nukta kwa sababu ya maana ya jina. Kwa Kiarabu, barghash ni usubi: vile vidudu vinavyoelea jioni kwenye maji na majani, vidogo hata huvioni mpaka vimekuuma, na vikishakuuma unajikuna mpaka asubuhi. Kamusi nyingine husema ni mbu. Basi huyu aliyejenga Beit al-Ajaib, aliyepokewa na Malkia Victoria, aliyeleta maji ya bomba mjini Unguja, aliitwa na wazazi wake jina la kidudu.

Watu wengi wakiambiwa hivyo hushtuka. Wengine hukataa kabisa, wakaona ni uzushi wa wasioipenda nasaba ile. Kushtuka kwao kunatokana na mazoea yetu ya leo, ambapo mzazi hutafuta jina lenye maana nzuri: nuru, ushindi, shukrani, zawadi. Hata ukiyatazama majina ya ndugu zake Barghash mwenyewe, lake linajitenga. Seyyid Said bin Sultan alikuwa na wana wengi. Mmoja aliitwa Hilal, mwezi mwandamo. Mmoja Khalid, mwenye kudumu. Majid, mtukufu. Ali, aliye juu. Khalifa, mwenye kushika nafasi ya aliyetangulia. Katikati yao, kwa mama Mhabeshi, akazaliwa karibu na mwaka 1837 mtoto aliyepewa jina la usubi.

Haikuwa dharau. Ni desturi ya Waarabu ya kale sana, na anayehudhuria maulidi amekwisha kuisikia hata kama hakuizingatia. Nasaba ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, inaposomwa kwenye Barzanji, baada ya Qusay anatajwa Kilab, na baada ya Kilab anatajwa Murra. Kilab ni mbwa, kwa wingi. Murra ni uchungu. Kabila la Quraysh lenyewe, kwa moja ya tafsiri za wanachuoni, limepata jina kwa papa wa baharini. Walikuwako kina Sakhr, mwamba. Kina Hanzala, lile tunda la jangwani lililo chungu kama shubiri. Kina Harb, vita.

Mwanachuoni aliyeandika kitabu kizima kuyatetea majina ya namna hii ni Ibn Duraid wa kabila la Azdi, kabila ambalo Al Busaidi wa Oman na Unguja wanajinasibu nalo. Alizaliwa Basra mwaka 223 wa Hijria, sawa na 837 au 838. Mwaka 871 Basra ilivamiwa na jeshi la watumwa walioasi, wale ambao vitabu vya Kiarabu vinawaita Zanji, na yeye akakimbilia Oman akaishi huko miaka mingi. Alikuja kufa Baghdad mwaka 933. Katika zama zake walikuwako watu walioyacheka majina ya Waarabu, wakisema hayana asili wala maana, majina gani haya ya mbwa na mawe. Ibn Duraid akakaa chini akaandika Al-Ishtiqaq, akalichukua jina moja moja na kulionyesha limechipuka katika mzizi gani.

Humo ndimo linamosimuliwa jibu ambalo mimi siwezi kulisahau. Aliulizwa Mwarabu kwa nini watoto wao wanawapa majina makali, na watumwa wao wanawapa majina mazuri. Akajibu kwamba majina ya watoto wamewawekea maadui zao, na majina ya watumwa wamejiwekea wao wenyewe.

Yaani jina la mwana ni silaha. Linaitwa vitani, na adui alisikie. Mwamba, mbwa mwitu, uchungu, vita. Usubi nao umo kwa sababu yake: simba unaweza kumkimbia au ukamwinda, lakini usubi hauna dawa. Unakunyima usingizi. Jina la mtumwa ni la ndani ya nyumba. Bwana anaamka asubuhi anataka maji ya kunawa, anataka aite neno zuri la kumfungulia siku.

Hapo ndipo historia ya jina Barghash inapogusana na majina yetu wenyewe, na hapo nataka msomaji akae nami kidogo. Karne ya kumi na tisa watu waliotekwa bara wakaletwa Unguja walivuliwa majina waliyopewa na mama zao. Waliuzwa, wakapewa majina mapya. Wakaitwa Almasi. Wakaitwa Yakuti, Feruzi, Marijani, Johari. Wakaitwa Mabruki na Mubaraka, waliobarikiwa, Faraji, kuondokewa na dhiki, Baraka, Bahati. Mtoto wa Kiyao aliyetekwa akali mdogo na kuvushwa bahari mpaka Gujarat, akarudi mtu mzima na kuwaongoza Burton na Speke kwenda kwenye maziwa makuu mwaka 1857, historia inamjua kwa jina la Sidi Mubarak Bombay. Mubaraka, aliyebarikiwa. Mwenzake katika safari hiyo aliitwa Mabruki, maana ni ile ile.

Basi tazama mji wa Unguja mwaka huo. Jumbani yuko mtoto wa mfalme anaitwa Usubi. Kwenye soko la watumwa wamepangwa safu, wametiwa mafuta wang'ae, na wengi wao watatoka hapo kuitwa Almasi na Baraka. Jina zuri lilikuwa alama ya kwamba mtu ni wa mwenziwe.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Oktoba 1856, Seyyid Said alikuwa safarini kutoka Maskati kurudi Unguja. Tarehe 19, karibu na visiwa vya Shelisheli, akafariki. Barghash, kijana wa miaka kama 19, alikuwa naye melini. Wafao baharini hutoswa, lakini yeye hakukubali baba yake atoswe. Maiti ikawekwa ndani ya jeneza, meli ikaendelea, na walipofika Unguja ikateremshwa usiku na kuzikwa Makusurani kabla mji haujapata habari. Kiti kikachukuliwa na Majid. Barghash hakuridhika, na kwa miaka mitatu akawa kwa kaka yake kile hasa ambacho jina lake linataja.

Mwaka 1859 njama ikaiva. Walikuwa naye Waarabu wa kabila la Harthi, na walikuwa naye dada zake. Mmoja wao, Salme, msichana wa miaka 15, ndiye aliyekuwa akiandika barua za siri kwa kuwa alikuwa amejifunza kuandika, jambo lililokuwa nadra kwa wasichana wa jumbani. Nyumba ya Barghash ikazingirwa na askari. Salme mwenyewe anasimulia katika kitabu chake kilichotoka Ujerumani mwaka 1886 jinsi walivyokwenda usiku, yeye na dada yake Khole, wakamfunika kaka yao kwa mavazi ya kike mpaka yakabaki macho, wakapita naye katikati ya askari na msafara wa wanawake. Akaenda kujificha kwenye shamba lililoitwa Marseille. Majid akalishambulia kwa msaada wa mabaharia wa Kiingereza. Barghash akashindwa, akajisalimisha kwa Balozi Rigby, akapelekwa Bombay.

Huko alikaa kiasi cha miaka miwili. Aliona mji wenye bandari kubwa, mashine za kupiga chapa, majumba ya ghorofa, watu wa kila dini wakifanya biashara. Mengi aliyokuja kuyafanya Unguja mbegu yake naiona Bombay.

Lakini sijamaliza maana ya jina, na sitaki msomaji aondoke na nusu. Katika mzizi ule ule wa be, re, ghaini na shini, kamusi za kale za Kiarabu zimehifadhi kitenzi ambacho siku hizi karibu hakuna anayekitumia: ibraghashsha. Maana yake ni kupona ugonjwa, mgonjwa kuinuka kitandani akaanza kutembea. Kwa hiyo jina hili lina pande mbili kama ile pesa. Upande mmoja kidudu kinachouma. Upande wa pili mtu aliyeinuka baada ya kulala.

Majid alifariki tarehe 7 Oktoba 1870 na Barghash akakalia kiti. Hakupewa nafasi ya kupumua. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na minazi sehemu kubwa ya kisiwa na kuzamisha meli bandarini. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na ndiyo sababu karafuu ikahamia huko mpaka leo. Mtawala amefilisika, mashamba yamelala chini, na mwezi Januari 1873 anakuja Sir Bartle Frere kutoka London kumtaka afunge biashara ya watumwa, iliyokuwa ikimpa sehemu kubwa ya ushuru. Barghash akakataa. Frere akaondoka. Akabaki Balozi John Kirk, tabibu aliyewahi kusafiri na Livingstone, na Kirk akaja na amri ya kwamba pasipotiwa saini manowari zitakizunguka kisiwa. Tarehe 5 Juni 1873 saini ikatiwa. Usafirishaji wa watumwa baharini ukapigwa marufuku na soko likafungwa. Mahali pake, Mkunazini, pakajengwa kanisa.

Sitamvika Barghash kilemba cha mkombozi. Alilazimishwa, na utumwa wenyewe haukufutwa Unguja mpaka mwaka 1897, miaka tisa baada ya kufa kwake. Lakini mkono uliotia saini ni wake, na mwaka 1876 alitoa amri za kuzuia misafara ya watumwa ya nchi kavu, amri zilizowakasirisha matajiri wa pwani ambao walikuwa watu wake mwenyewe. Jina la Usubi ndilo lililoandikwa chini ya karatasi iliyofunga soko la kina Almasi.

Kisha akaanza kuinuka, yeye na mji wake. Mwaka 1875 alikwenda Uingereza, akaonana na Malkia, na katibu aliyefuatana naye akaandika kitabu cha safari hiyo kwa Kiarabu, kikachapwa London mwaka 1878. Mwaka 1879 waya wa telegrafu ulifika Unguja kutoka Aden kupitia chini ya bahari. Akaleta mashine ya kupiga chapa, na katika vitabu vya mwanzo kuchapwa hapo kimo Qamus al-Sharia, kitabu kikubwa cha fiqhi ya Kiibadhi. Akajenga majumba: Chukwani, Maruhubi, na mwaka 1883 Beit al-Ajaib lenye nguzo za chuma na veranda pande zote, jumba lililokuja kuwaka taa za umeme wakati miji mingi ya dunia ingali gizani. Akajenga hamamu ya watu wote, na mtaa ule unaitwa Hamamni mpaka leo.

Kwangu mimi kubwa kuliko yote ni maji. Kabla yake watu wa mji walikuwa wakiteka visima vyenye chumvi, na kipindupindu kilikuwa kimewachinja kwa maelfu. Barghash akayavuta maji ya chemchemi za upande wa Bububu kwa mfereji na mabomba mpaka mjini. Jumba la mfalme ni la mfalme, lakini maji hunywa kila mtu, na mama aliyejaza mtungi wake Malindi hakuhitaji kujua Kiarabu ili afaidi maana ya pili ya jina lile.

Yaliyofuata ni ya haraka na ya kusikitisha. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alipita bara akikusanya alama za machifu kwenye karatasi za Kijerumani. Barghash akapinga. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake zikiwa zimeelekeza mizinga, na katika msafara huo alikuwamo dada yake Salme, ambaye alikwisha kuolewa na Mjerumani, amekuja kudai urithi. Yule aliyemfunika kwa shela na kumpitisha katikati ya askari. Hakukubali kumwona. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakagawana bara, yeye wakamwachia visiwa, ukanda wa maili 10 wa pwani na miji michache ya Benadir.

Mwanzoni mwa 1888 alikuwa mgonjwa sana. Akapanda meli kwenda Oman kutafuta afya katika chemchemi za maji ya moto. Hakupona. Akarudi, na usiku ule ule wa kufika Unguja, mwishoni mwa Machi, akafariki. Akazikwa Makusurani, alipomzika baba yake.

Jina halikunyamaza papo hapo. Agosti 1896 mwanawe, Khalid bin Barghash, alilishika jumba baada ya kufa Seyyid Hamad bin Thuwaini, bila ridhaa ya Waingereza. Tarehe 27 saa tatu asubuhi manowari zikafungua mizinga, na kabla ya saa kuisha vita vilikuwa vimekwisha na watu kama 500 wamekufa au kujeruhiwa. Khalid akakimbilia ubalozi wa Ujerumani, akapelekwa Dar es Salaam, Vita Vikuu vya Kwanza vikamtia mikononi mwa Waingereza, wakamhamisha visiwani mbali. Mwisho aliruhusiwa kuishi Mombasa, akafia huko mwaka 1927. Watu duniani wasiojua lolote kuhusu Unguja wanalijua jina Barghash kwa sababu ya vita hivyo vifupi kuliko vyote.

Na baada ya yote hayo, jina halikuenea. Katika chuo nilichosoma Kurani palikuwa na Saidi watatu, Khalifa wawili na Ali wasiohesabika. Barghash hakuwapo hata mmoja. Oman na nchi za Ghuba bado wapo wenye jina hilo, hasa katika koo zinazofuata desturi ya mjukuu kuitwa kwa babu, na wapo wanaolibeba kama jina la ukoo. Pwani yetu lilibaki juu ya pesa, juu ya majumba, na katika midomo ya wazee waliolilainisha wakasema Bargashi. Naona sababu ni zaidi ya moja. Waswahili tulizoea kuita watoto kwa siku na miezi, Juma, Khamisi, Rajabu, Shaabani, Ramadhani; au kwa Mitume na masahaba; au kwa hali iliyokuwapo mtoto alipozaliwa, Mashaka, Shida, Tabu, Masika. Barghash halikuwa na mahali pa kuingilia humo. Tena lilikuwa la mtu mmoja mkubwa mno, na jina la namna hiyo halichezewi chekechea.

Majina ya wale wengine ndiyo yaliyoshinda. Faraji, Baraka, Almasi, Feruzi, Mabruki, Bahati: piga hodi popote kutoka Lamu hadi Kilwa, ingia ndani mpaka Tabora na Ujiji, utawakuta. Watoto hupewa majina hayo kwa mapenzi, na wazazi wao, Waislamu kwa Wakristo. Waliopewa majina hayo ili masikio ya bwana yafurahi, wao na wajukuu zao waliyashika yakawa mali yao. Mimi nayaheshimu kwa ajili hiyo kuliko jina la mfalme yeyote.

Hata hivyo huulizwa mara kwa mara, na hasa na vijana waliopekua orodha za majina wakaona neno "mbu" wakaogopa, kama Barghash linafaa kupewa mtoto leo. Mtume alibadilisha majina yaliyobeba maasi au kuudhi, kama alivyomwita Jamila mwanamke aliyekuwa akiitwa Asiya, muasi. Lakini Hanzala, lenye uchungu wake wote, lilibaki, na mwenyewe ndiye yule shahidi wa Uhud anayesimuliwa kuoshwa na malaika. Usubi ni kiumbe cha Mungu, na kupona ni neema yake. Linafaa. Ukimpa mwanao, usimfiche maana hata moja kati ya hizo mbili, mpeleke Makusurani na Mkunazini siku moja, na mfundishe aliandike sawasawa: be, re, ghaini, shini, na nukta zake zote tano.